Simu ya mama mkwe

Dereva yule wa lori aliletwa kwetu Morogoro kwa tiba ya hasira, baada ya kumpiga utingo wake kwa ajili ya dizeli iliyopotea njiani. Yapo mengi aliyosema siku ile, ila nilichoandika kwenye karatasi ni sentensi zake mbili: "Hasira zangu zikipanda hazishikiki," na "Nikiacha kuliwaza jambo hili wataniona zoba." Ugomvi wote umebebwa na hizo mbili. Ya pili humfanya mtu acheue kosa, yaani alirudierudie kichwani, usiku kucha akidhani anajilinda. Ya kwanza humnyima hata sababu ya kujaribu kuacha. Nikamwomba apime, kati ya 0 na 100, anaiamini ya kwanza kiasi gani. Akasema 90.

Akaendelea kusimulia, mshipa wa shingo umetuna, mara simu ikaita. Akatazama kioo.

"Shikamoo mama."

Sauti ikashuka. Akauliza habari za mvua, mahindi, na miguu ya mzee inayovimba. Akaaga kwa adabu, akaweka simu mezani, na hapohapo: "Sasa yule mshenzi, dokta..."

"Subiri kaka. Ulipokuwa unaongea na mama mkwe, hasira ilikuwa wapi?"

Akafikiri. "Niliiweka pembeni."

"Nani aliiweka?"

Hakujibu, lakini alipopima tena alisema 60. Hotuba yangu ya saa nzima isingeishusha hivyo.

Adrian Wells, mwanasaikolojia wa Manchester, Uingereza, aliyeasisi tiba ninayoitumia, ile inayochunguza anachoamini mtu kuhusu mawazo yake (kwa Kiingereza metacognitive therapy), anafundisha zoezi la kuahirisha, na ndilo nililompa. Wazo la dizeli likija, aliambie kimoyomoyo kwamba atalishughulikia saa mbili usiku, kisha aendelee na kazi yake. Saa mbili ikifika ana dakika 15 za kuwaza atakavyo, na asipotaka kuzitumia, aziache. Wengi huharibu hapa: wanalifukuza wazo. Likifukuzwa hurudi, nao wanaona wamethibitisha kuwa kweli halishikiki. Kinachoahirishwa ni kubishana nalo. Lenyewe lina ruhusa ya kukaa kichwani mpaka liondoke.

Alikuwa pia na dawa yake ya kienyeji, kupiga matairi mateke huku akimuwaza utingo, eti apunguze moto. Nikamsihi aache. Mwaka 2002 Brad Bushman wa Marekani alichapisha utafiti wa wanafunzi 600 waliokuwa wamekasirishwa: waliopiga gunia la ndondi wakimfikiria mkosaji walibaki na hasira kuliko waliokaa tu bila kufanya kitu.

Sentensi ya pili sikuigusa siku ile. Mtu anayeamini hawezi kuacha kucheua hana haja ya kujua kama kucheua kunamsaidia. Kwanza aone kwamba anaweza. Tuliifungua kikao kilichofuata, kwa swali moja: usiku wote ule wa kumuwaza utingo, dizeli ilirudi lita ngapi?