Mtoto anayemlaza baba yake

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa hapa Kigoma. Anaondoka nyumbani saa kumi jioni, anarudi kesho yake saa mbili au saa tatu asubuhi, na usingizi wake wa usiku anaulala mchana. Tuliishi hivyo vizuri tu mpaka mtoto wetu alipoanza kutembea na kugundua raha ya kugonga sufuria kwa mwiko. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili, juu kidogo ya mwalo wa Kibirizi (pale mitumbwi inapofikia), haina dari, na ukuta wa kati haufiki kwenye bati. Kinachosemwa chumba hiki kinasikika chumba kile. Naandika jinsi tulivyofika mahali ambapo baba analala na mtoto anacheza bila mmoja kumkosesha mwenzake haki yake, kwa sababu najua wapo wake wengi wa wavuvi, wa walinzi na wa madereva wa malori wanaohangaika na jambo hili hili kila asubuhi.

Kwa asiyejua, kazi ya dagaa ni ya gizani. Mitumbwi miwili inafungwa pamoja, wavu unashushwa katikati, taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, kisha wavu unapandishwa taratibu. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia balbu za betri na sola. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa hazina nguvu tena, dagaa wanatawanyika, na wavuvi wanakaa nyumbani mpaka giza lirudi. Kwa hiyo kwetu Jumamosi na Jumapili hazina maana kubwa. Tunahesabu mwezi. Usiku wa mbalamwezi baba yupo, usiku wa giza baba hayupo, na mtoto wa miaka miwili anatakiwa akubali yote mawili bila kuelezwa kwa nini.

Neno lililotawala nyumba yetu wakati ule lilikuwa "nyamaza, baba amelala". Nililisema mimi, alilisema mdogo wangu, majirani nao walilisema kupitia dirishani. Mtoto alilisikia mpaka akalijua, akawa analisema yeye mwenyewe kwa sauti kubwa amesimama mlangoni kwa baba yake: "Baba amelala! Baba amelala!" Na baba anaamka. Mtu aliyekesha ziwani akiwa amelowa, akivuta kamba mpaka viganja vinachubuka, halafu anaamshwa saa nne asubuhi, hana uvumilivu mwingi. Hakumpiga mtoto hata siku moja na ninamshukuru kwa hilo, lakini nilimwona anavyoondoka jioni macho mekundu, na ziwani si mahali pa kusinzia. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470. Niliogopa zaidi kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya kelele.

Wapo walionishauri nimchape kidogo ili ajue. Sikukubali na bado sikubali. Mtoto wa umri ule hapigi kelele kwa ukaidi. Sauti ndiyo kitu kipya alichokipata, kama mguu. Nilipompeleka kliniki kwa chanjo ya pili ya surua na rubela, akiwa na miezi 18, nilimuuliza nesi. Akanieleza kwamba mtoto mdogo hivi hawezi kujizuia kwa muda mrefu hata akitaka, na kwamba ukimkataza kitu unamwachia nafasi tupu asiyojua aijaze na nini. "Usimwambie asifanye nini," alisema, "mwambie afanye nini." Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani nikiyatafakari njia nzima.

Mama mkwe, anayeishi Ujiji, alisema jambo linalokaribiana na hilo siku tuliyokwenda kumsalimia. Alimtazama mjukuu wake akimwaga unga, akaupanga tena kwa vidole, akaumwaga tena. "Mpe kazi, mwanangu," aliniambia. "Huyu anatafuta kazi."

Basi tukampa kazi, na kazi tuliyompa ni kumlaza baba yake.

Inaanza pale baba anapofika. Zamani alikuwa anapita moja kwa moja kuoga, kula na kulala, na mtoto anabaki anamlilia mlangoni, maana hajamwona tangu jana. Tulikubaliana kwamba hata akiwa amechoka namna gani, muda mfupi wa kwanza ni wa mtoto. Baba anakaa kwenye mkeka, mtoto anamletea kandambili moja, kisha ya pili (haleti zote mbili kwa pamoja, nimemwelekeza nimechoka), wanakunywa uji au wanakula ugali wa muhogo uliolala na dagaa wachache wa kukaanga. Mtoto anakula vichwa tu. Anavivunja kimoja kimoja, anaweka miili ya dagaa kwenye sahani ya baba, na baba anaila. Sijui ladha hiyo ya vichwa aliipata wapi, lakini tangu nilipoacha kubishana nayo anashiba.

Baada ya hapo wanaingia chumbani wote wawili. Baba analala, mtoto anamfunika khanga, anavuta chandarua upande wake, mimi navuta upande wa pili. Mtoto anamgusa paji la uso kama anavyoguswa yeye usiku, anasema "lala", anatoka na kuvuta pazia. Pazia lile analivuta kwa umakini ambao sijauona akiufanyia kitu kingine chochote. Mara ya kwanza aliporudi sebuleni akaniwekea kidole mdomoni, mimi, nisiongee, nililazimika kutoka nje nikacheke. Tangu hapo usingizi wa baba ni mali yake. Mgeni akibisha hodi kwa sauti, yeye ndiye anayemfuata.

Bado ni mtoto wa miaka miwili. Kumbukumbu ya pazia inadumu kidogo, halafu anaona kifuniko cha ndoo na mkono unawasha. Hivyo sehemu ya pili ya mpango ni kuondoka. Baba akishalala tu, tunahamia nje chini ya mwembe wa jirani, na kazi zangu zote za asubuhi zinahamia huko: kuchambua dagaa, kuosha vyombo, kufua. Ndani zinabaki zile za jioni. Kuchambua dagaa ndiyo kazi anayoipenda. Dagaa walioanikwa mchangani wanakuja na kokoto, na mtoto ana macho makali na vidole vyembamba. Nampa bakuli lake na kiganja cha dagaa, anatoa kijiwe, ananionyesha, nasema "ahsante baba", anakiweka kwenye kopo. Mlio wa kijiwe ndani ya kopo unamtosha asubuhi nzima. Hao dagaa wake huwa nawapitia tena mimi, lakini simwonyeshi kwamba nawapitia.

Zipo asubuhi zinazoharibika kabisa. Kuna siku alifungua dumu dogo la mawese wakati naanika nguo, akajipaka kuanzia kichwani, akampaka na paka, halafu akaja kukumbatia shuka jeupe nililokuwa nimelifua. Anayeyajua mawese yetu anajua rangi ile haitoki kwa kusugua. Nimejifunza kufua kwa sabuni ya kipande, kisha kuanika juani na kulowesha tena, jua linapausha lile doa taratibu kila linapopigwa. Yale mawese ni chakula kizuri cha mtoto, yamejaa kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, ndiyo maana siwezi kuyaondoa nyumbani. Nimeyapandisha juu ya kabati. Siku ile nililia kidogo nikiwa nafua, kwa uchovu tu. Na yeye aliponiona akaja kunifuta machozi kwa mkono wenye mawese.

Kitu kilichotusaidia kuliko vyote ni kusogeza usingizi wake wa mchana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 unaosema mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Wangu alikuwa analala mchana saa nane, yaani baba anaamka ndiyo yeye analala, na usiku anakesha. Nikaanza kumlisha mapema, saa tano na nusu, nikimwosha miguu na kumwingiza chandaruani pembeni ya baba yake saa sita. Ilichukua muda kukubali. Sasa wanalala pamoja mpaka saa nane, mgongo kwa mgongo, na mimi napata saa mbili za peke yangu. Saa hizo sizifanyii kazi yoyote ya nyumbani. Nakaa, nakunywa chai, nasoma. Mama mwenye mtoto mdogo akipata saa mbili za utulivu akazimalizia kwenye kufagia, namwomba afikirie upya.

Jioni ndipo pagumu. Mtaani kwetu wengi wanashauri mtoto atorokwe: apelekwe kwa jirani, baba achukue koti lake na kupotea. Sisi hatumtoroki. Mtoto anayeachwa kwa kutorokwa anaanza kumchunga baba yake kutwa nzima, hata chooni anamfuata, kwa sababu hajui atapotea saa ngapi. Baba anamwambia wazi, "nakwenda ziwani, asubuhi utanilaza." Mtoto analia. Namwacha alie, nimembeba, tunamtazama baba anavyoshuka mpaka anapotelea kwenye watu wa mwaloni. Kilio kile kina mwisho, na mwisho wake umekuwa ukifika mapema zaidi kadiri miezi inavyopita.

Halafu kuna jua. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi na saa yetu ni ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua linazama upande wa Kongo ikiwa karibu saa moja jioni. Mtoto haoni sababu ya kulala wakati nje kunang'aa. Nimeacha kupambana na hilo. Tunakula, tunaoga, tunakaa barazani mpaka taa za wavuvi zinaanza kuwaka majini, moja, nyingine, mpaka ziwa linakuwa kama mji. Yeye anachagua moja na kusema "Baba." Kesho anachagua nyingine. Akishaipungia mkono anakubali kuingia ndani.

Mpango huu wote ulitikisika mwaka 2024. Serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi tunazolishiriki ziwa hili, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Hela ilikuwa ngumu miezi ile, sitaficha. Baba alikuwa akibeba mizigo na kufyatua matofali. Lakini usiku alikuwa nyumbani, kila usiku, giza na mbalamwezi, na mtoto akapata kile ambacho hakuwahi kukipata: baba wa kumlaza yeye. Alijifunza kuruka, alijifunza kusema "samaki", alijifunza kupanda mgongoni kwa baba na kukataa kushuka.

Ziwa lilipofunguliwa tukaanza upya. Usiku wa kwanza alikwenda kumtafuta chandaruani, akainua upande, akanyanyua mto. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya lile lile: yuko ziwani, asubuhi utamlaza. Asubuhi baba alipofika, mtoto alimgomea. Hakuleta kandambili. Mume wangu, pamoja na uchovu wa usiku wa kwanza baada ya miezi mitatu, alikaa kwenye mkeka akasubiri, uji ukapoa. Hakumwita. Baada ya muda mrefu mtoto akaenda mlangoni mwenyewe, akaleta moja. Ile ya pili aliileta siku iliyofuata. Ninaheshimu sana subira ile ya baba yake, kwa sababu angeweza kupita akalala na hakuna ambaye angemlaumu.

Sasa ana miaka miwili na nusu na mvua zinakaribia. Nilikuwa nikiziogopa, lakini mvua kubwa haina shida: ikipiga bati hakuna anayemsikia mwenzake, mtoto anaweza kuimba anavyotaka na baba asigeuke. Shida ni manyunyu na tope, siku ambazo chini ya mwembe hapakaliki na ndani kuko kimya mno. Wengine siku hizo wanawapa watoto simu waangalie katuni. Nampa kidogo, chini ya saa moja, kwa sababu mwongozo ule ule unasema kwa mtoto wa miaka miwili isizidi hapo na ikipungua ni bora, na pia kwa sababu akinyang'anywa simu analia kwa sauti kubwa kuliko kelele nilizokuwa nazikwepa. Nimeongea na mama mkwe. Siku za manyunyu, baba akishalazwa na pazia likishavutwa, tunapanda daladala mpaka Ujiji, mtoto akachambue maharage ya bibi yake.