Barabara za moto Pugu na Kazimzumbwi: mkataba, makubaliano au ruzuku

Kinachobeba moto kwenye misitu ya pwani inayopakana na Dar es Salaam ni nyasi, vichaka na matawi makavu ya pembezoni, si magogo. Masika yakiisha Mei, vyote huanza kukauka. Kwa hiyo ninapopanga barabara za moto, yaani kanda zinazofyekwa ili moto usivuke kuingia msituni, mimi hutazama kalenda kabla ya kuchagua njia: mkataba, makubaliano au ruzuku. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na zabuni inayongoja bajeti mpya humpata mshindi nyasi zikiwa zimeshakauka. Kazi ya Juni naiweka kwenye bajeti ya mwaka unaokwisha, nyaraka ziingie mapema kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao.

Taasisi ikinunua huduma kwa ajili ya hifadhi yake, huo ni mkataba, na ndio ninaouchagua mara nyingi. Vikundi vya vijana na wanawake vilivyosajiliwa vinaweza kuomba kupitia fungu la asilimia 30 la makundi maalumu, nao wanaijua ardhi. Bei iwe kwa hekta iliyopimwa, kamwe si kwa kutwa: kilomita 3 kwa upana wa mita 10 ni hekta 3, na hakuna ubishi siku ya malipo. Andika pia kwamba ukanda wa katikati ukwatuliwe mpaka udongo uonekane, na matawi yaliyokatwa yaondolewe kabisa. Lisipoandikwa hilo, wafyekaji huyarundika upande wa msitu, na rundo kavu likishika moto linauingiza ndani. Zuia sehemu ya malipo hadi mpalilio wa Septemba, maana mvua ndogo za katikati huchipusha nyasi upya.

Makubaliano yanafaa pande zote zinapochangia: hifadhi itoe vifaa na mafunzo, wananchi watoe doria na nguvu kazi. Hapa wengi hukwama kwenye saini. Upande wa Kisarawe, halmashauri ya kijiji ni chombo chenye hadhi ya kisheria, inaweza kuingia makubaliano yenyewe. Upande wa Jiji kuna mitaa, na serikali ya mtaa haina hadhi hiyo. Pitia halmashauri ya jiji au kikundi kilichosajiliwa, la sivyo karatasi hiyo haitamfunga mtu.

Ruzuku, kama zile za Mfuko wa Misitu Tanzania, naziombea vitu vinavyobaki: mapanga, reki, buti, mafunzo ya kikosi cha kuzima moto. Fedha zikija kwa awamu, ya pili hungoja taarifa ya kwanza, na nyasi haziijui ratiba hiyo. Ufyekaji wa kila mwaka usiutegemeze hapo.

Kuna pendekezo linalorudi kila mara: mfyekaji ajilipe kwa kuni. Marekani ina mikataba ambayo thamani ya mbao hupunguza gharama ya kazi, na Bunge lao liliifanya kuwa ya kudumu mwaka 2014. Lakini huko kuna miti ya kupunguzwa na viwanda vya kuinunua. Pugu iko jirani na soko kubwa la mkaa. Anayelipwa kwa kuni ataacha nyasi na kukata mti mkubwa. Mikataba yangu inakataza kutoa hata mzigo mmoja wa kuni, na inampa msimamizi wa hifadhi haki ya kusimamisha kazi papo hapo.