Nesi Akilala Mchana

"Sista, si umenichoma sasa hivi?"

Ilikuwa saa tisa kasoro robo usiku. Aliyeniuliza ni mama wa kutoka Bahi, ujauzito wake wa kwanza, aliyeletwa jioni akiwa ameshapata degedege la kifafa cha mimba njiani. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda chake na trei mkononi, bomba limejaa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege lisirudi, gramu 5 tayari kwa kuchoma. Dawa hiyo hurudiwa kila baada ya saa nne, na kwenye chati yake sehemu ya saa nane usiku ilikuwa tupu. Kwa hiyo nilijiona nimechelewa.

Nikamjibu kwa ukali kidogo, nakiri. "Hapana mama, ile ilikuwa ya saa nne."

Akajigusa tako la kushoto. "Bado panauma. Ulikuwa na haraka, wakakuita kule."

Niliweka trei chini, nikarudi kwenye meza ya dawa. Vichupa vya dozi ya saa nane vilikuwa pale pale nilipoviacha, vitupu. Ndipo ikanijia. Nilimchoma saa nane kamili, kabla sijaandika nikasikia naitwa leba, nikakimbia, nikapokea mtoto, nikampa mama yake oksitosini, nikasubiri kondo la nyuma, nikanawa, nikarudi. Kati ya kuchoma na kurudi ile sindano ilikuwa imefutika kabisa kichwani mwangu.

Anayeijua dawa hiyo ataelewa kwa nini magoti yalinilegea. Ikizidi mwilini, kwanza goti haliruki tena ukiligonga, halafu pumzi inapungua, halafu inakata. Ndiyo maana kabla ya kila dozi unahesabu pumzi, unagonga goti, unaangalia mkojo uliopita kwenye mpira. Je, usiku ule ningevifanya vyote hivyo? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani ningehesabu pumzi kwa kukisia na goti nisingeligusa. Ulikuwa usiku wangu wa nne mfululizo, wa saa kumi na mbili kila mmoja.

Asubuhi nilimweleza mwenyewe sista inchaji, msimamizi wa wodi yetu, kabla hajasikia kwa mwingine. Nilitegemea barua ya onyo. Aliuliza swali moja tu: "Jana ulilala saa ngapi?"

Tukahesabu. Nilitoka zamu saa moja na nusu asubuhi, nikafika kwangu Nkuhungu saa tatu kasoro. Saa nne maji ya mgao yakatoka, na usipokinga hapo unangoja siku tatu, nikaamka kujaza madumu. Nilipojilaza tena akapita muuza samaki wa Mtera anaita mlango kwa mlango. Nyuma ya ukuta wangu fundi alikuwa anakata nondo. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016 sikumbuki mwezi uliopita mtaani kwetu bila mtu kujenga. Saa nane mchana nilikuwa na kikao cha vikoba, mimi ndiye mweka hazina. Jumla nililala saa mbili, tena usingizi wa mang'amung'amu.

Kabla ya hapo niliamini kazi ya naiti inafanikiwa au inashindikana kule kule wodini, kwa kahawa na kujikaza. Nilikuwa na mbinu zote: chai ya rangi kila saa, maji baridi usoni, kusimama badala ya kukaa. Kumbe nilikuwa nahangaika na usiku, wakati shida yangu ilikuwa mchana.

Na mchana wenyewe haukuwa mikononi mwangu peke yangu. Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulitatua, na sijaona likizungumzwa sana. Tunaishi vyumba vinne uani, choo kimoja, bomba moja. Mwanamke akilala saa tano asubuhi uani kwetu, majibu ni matatu: anaumwa, ana mimba, au mvivu. Jirani wa chumba cha pili alinigongea siku moja kuniuliza kwa upole kama nimeachwa. Watoto walitumwa kwangu chumvi, kiberiti, chenji. Mtu akija na jeraha au mtoto mwenye homa anagonga dirisha: "Nesi, nesi, upo?" Nami nilikuwa naamka, kwa sababu kusema "nimelala" saa sita mchana kulinitia aibu. Nilikuwa najibu eti nilikuwa napumzika kidogo.

Siku ya ofu nilimfuata bibi mwenye nyumba. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, yeye anapepeta uwele. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kitaalamu, yote yakanipotea. Nikamwambia, "Bibi, juzi nusura niue mzazi kwa usingizi."

Ungo ukasimama. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Mbona hukusema? Yule mlinzi wa kule shuleni analala kutwa nzima na hakuna anayemwuliza."

Ni kweli. Mlinzi ni mwanamume, mkewe anawafukuza watoto dirishani na mtaa mzima unajua baba kakesha. Mimi nilikuwa nakesha hivyo hivyo, lakini sikuwa na wa kunifukuzia watoto, na nilikuwa najificha kana kwamba nimeiba.

Kuanzia siku ile bibi akawa mlinzi wangu. Nikiwa na naiti namwambia mapema, na mimi nafunga kitenge chekundu kwenye kitasa. Anayekuja anaishia kwake. Mara ya kwanza nilimsikia kupitia ukutani akimjibu mtu, "Nesi yuko kazini," nikataka kucheka, mlango wangu uko hatua nne kutoka alipoketi. Mwenye mtoto mwenye homa anaelekezwa kituo cha afya, ambako kwa kweli ndiko alitakiwa kwenda tangu mwanzo. Mjukuu wake mkubwa ananikingia maji kwa malipo tuliyokubaliana, na nikanunua pipa la lita 200. Watoto wadogo nawahonga ubuyu. Uweka hazina wa vikoba niliuacha, wakanuna, wakazoea.

Chumba nacho kilikuwa na mambo yake. Bati la Dodoma mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, ni tanuri ifikapo saa sita. Dirisha nililiziba kwa blanketi zito la kijivu, na ndani yake natundika kanga iliyoloweshwa. Feni inapuliza juu yake. Ikikauka ninakuwa nimeshalala saa tatu au nne za maana. Mwezi wa sita na wa saba, baridi na upepo vikiingia, nalala kama mtoto, sina la kusema.

Nikitoka zamu navaa miwani ya jua hata kama ni saa moja na nusu, maana mwanga wa asubuhi ndio unaouambia mwili kwamba kumekucha. Konda mmoja aliniita supastaa hadi nilipomwonyesha macho. Bodaboda sipandi nikiwa na usingizi. Niliwahi kujikuta nimemlalia dereva mgongoni tukiwa barabara ya Singida, ikatosha. Kwenye daladala namwambia konda kabisa anishtue, kwa sababu nimeshapitilizwa zaidi ya mara mbili.

Kahawa yangu ya mwisho ni saa saba usiku. Ukinywa ya saa kumi alfajiri unarudi nayo kitandani. Chipsi mayai za saa nne nimeacha, zilikuwa zinanilaza kuliko dawa. Nakula ugali na mlenda kabla sijatoka nyumbani, usiku nina uji kwenye chupa.

Kule wodini nilibadilisha jambo moja tu, nalo sitalilegeza: naandika pale pale kitandani, kabla sindano haijatupwa. Hata leba wakiita. Sekunde kumi. Na kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, ule muda mwili unapoa na akili inakwenda pole pole, dawa yoyote nzito tunaisoma wawili kwa sauti, mimi na mwenzangu: jina la mgonjwa, dawa, kipimo, saa ya mwisho. Tukiwa pungufu na yuko leba, namsubiri.

Kuhusu rosta, nilirudi kwa inchaji na mkataba wangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu zamu ya saa kumi na mbili mkikubaliana kwa maandishi, lakini saa za kawaida kwa wiki ni 45, zinazozidi ni za ziada na zinalipwa, na kazi ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Mimi nilikuwa na wiki za saa 60. Sikwenda kwa shari. Nilimwambia, "Sista, naomba tuhesabu pamoja." Naye ana wauguzi wachache na wodi imejaa, hana mfuko wa kuwatolea wengine. Nilichopata ni naiti tatu mfululizo badala ya tano, kisha siku mbili za mapumziko. Malipo ya nyuma hadi leo yako "kwenye mchakato", na neno hilo nimeshalichoka.

Tatu bado ni nyingi. Usiku wa tatu miguu inavimba, soksi zinaacha alama, na najua kabisa akili yangu siyo ile ya usiku wa kwanza. Nikirudi siku hiyo huwa namfokea mdogo wangu kwenye simu bila sababu, kwa hiyo tumekubaliana asinipigie hadi jioni.

Mama wa Bahi aliruhusiwa baada ya siku nane, yeye na binti yake. Tulipokuwa tunaagana nilimwambia alichotuokolea, wote wawili, kwa sababu niliona ana haki ya kujua. Alinitazama kitambo. Kisha akauliza, "Na leo umelala, sista?"

Nikamwambia saa sita na nusu. Akanipa mtoto nimshike wakati anafunga kanga.