Utumbo wa kway chap na mikono inayouosha

Wageni wanaokuja kunitembelea Singapore hufika na orodha yao tayari: wali wa kuku, laksa (tambi kwenye mchuzi wa nazi wenye viungo), kaa wa pilipili. Vyote vitamu, na vyote nawapeleka. Lakini chakula cha mji huu kinachonikosha roho ni kway chap, na hicho nataka tukile asubuhi, jua halijawa kali.

Kinaletwa kwa mafungu mawili. Kwenye bakuli kuna tambi za mchele, ila usifikirie zile nyuzi nyembamba. Ni uji wa unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke ukawa shuka laini, ukakatwa vipande vipana, vikatiwa kwenye mchuzi mwepesi wa rangi ya kahawia na kunyunyiziwa vitunguu vya kukaanga. Vinateleza hata kijiko kinahangaika. Kwenye sahani ndiko kwenye mambo: utumbo mpana na utumbo mwembamba wa nguruwe, ngozi yake, nyama ya tumboni yenye mafuta, tofu, na mayai ya kuchemsha yaliyogeuka rangi kwa kukaa sufuriani. Vyote vimepikwa taratibu kwenye sosi ya soya yenye vitunguu saumu, mdalasini, karafuu, anisi nyota na khulanjani. Pembeni unapewa kibakuli cha pilipili yenye siki. Usikiache, siki ndiyo inayokata mafuta.

Wenyewe wa chakula hiki ni Wateochew, Wachina wenye asili ya Chaozhou, mashariki ya jimbo la Guangdong. Walihamia huku kwa wingi karne ya 19, wengine wakaingia mashamba ya pilipili manga, wengine wakafanya biashara kando ya Mto Singapore. Wenzao waliokwenda Thailand walikuwa na chakula chao cha jamii hiyohiyo: Bangkok, mtaa wa Yaowarat, tambi zimejikunja na mchuzi unawasha kwa pilipili manga. Nimekionja na sikukichukia, lakini moyo wangu uko kwenye mchuzi wa huku.

Kibanda ninakokula kinaendeshwa na mume na mke ambao umri wa kustaafu wameshaupita. Hapa mchuuzi haitwi jina, anaitwa anko au anti. Anti anakuuliza jambo moja tu: "Watu wangapi?" Ukijibu, anaopoa utumbo sufuriani, anaulaza juu ya gogo la kukatia lililobonyea katikati kwa miaka ya kazi, anashusha kisu kipana. Vipande vinaanguka mshazari, kila kimoja na tundu lake katikati. Kitazame kwa karibu kabla hujakitia pilipili: ukuta wa ndani ni mweupe na laini, hakuna mchanga, hakuna utando. Ukikinusa unapata khulanjani na soya, basi. Mimi ni mtu wa Moshi, nimekulia kwenye kisusio, ile supu ya Kichaga yenye damu, na supu ya utumbo, na utumbo nikiuona najua kama aliyeuosha alikuwa na haraka. Anti na anko hawana haraka.

Siku moja niliwauliza wanaoshaje. Anko akanieleza kwa vitendo kuliko maneno, mikono ikigeuza kitu hewani. Utumbo unapinduliwa nje ndani. Mafuta yanakwanguliwa kwa kidole, kidogo kidogo, maana ukiyatoa yote utumbo unakuwa mkavu mdomoni, na ukiyaacha yote unanuka. Kisha unasuguliwa kwa chumvi ya mawe, unasuuzwa, unasuguliwa kwa unga, unasuuzwa tena, na tena. Unachemshwa, maji yanamwagwa, ndipo unaruhusiwa kuonana na viungo. Kazi hii inaanza watu wamelala. Vidole vya anko vimekunjamana na kucha zimelainika kwa maji, na sidhani kama vinapata siku ya kukauka vizuri.

Maji hayo ndiyo yananifanya niitazame historia ya vituo hivi vya chakula, wanaviita hawker centre, kwa jicho la mtu wa Afrika Mashariki. Zamani wachuuzi wa hapa walikuwa barabarani kama mama ntilie wetu, na maji machafu yalimwagwa kwenye mitaro yakaishia mtoni. Mwaka 1968 na 1969 serikali iliwaandikisha, wakapatikana kama 18,000. Kuanzia 1971 ikajenga vituo vyenye paa, bomba, umeme na mfereji wa maji taka, na kufikia 1986 wachuuzi wa barabarani walikuwa wamehamishiwa humo. Mpishi wa tambi za kawaida pengine angejitahidi na ndoo mbili. Mpishi wa utumbo bila bomba hawezi kitu. Mwaka 2021 nilipofuatilia wamachinga wakihamishwa Dar, swali langu lilikuwa hilo tu: huko wanakopelekwa, maji yapo? Mwenye kupika chakula akihamishiwa mahali pasipo na maji, amefukuzwa kazi.

Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huu wa vibanda kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nilifurahi, na nadhani anti naye alifurahi, ila kesho yake ilibidi aamke usiku uleule kuosha utumbo.

Na bei? Sahani ya mtu mmoja pamoja na bakuli lake ni dola 6 au 7 za Singapore, tuseme shilingi 12,000 hadi 14,000 za kwetu Tanzania. Kikombe cha kahawa kwenye maduka makubwa yenye kiyoyozi kinakaribia hapohapo, na sijasikia mtu akilalamika kwa anayemimina kahawa. Kibanda kikipandisha senti 50, watu wanasaga meno foleni nzima. Bei imebaki chini kwa sababu wachuuzi wa zamani wanalipa kodi ya pango yenye ruzuku, na kwa sababu jasho lao wenyewe hawalipigii hesabu. Naona si haki. Kazi ya saa nyingi namna ile, ingekuwa ya mpishi mwenye kofia ndefu hotelini, tungeilipa mara tatu na kushukuru.

Nguruwe wenyewe pia si wa uhakika. Aprili 2023 homa ya nguruwe ya Afrika iligunduliwa kwa nguruwe waliotoka kisiwa cha Bulan, Indonesia, ambako Singapore ilikuwa ikiagiza nguruwe hai, na uagizaji ukasimamishwa. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya, mwaka 1921, na wafugaji wa kwetu wanaujua kwa machozi. Kwa mwenye kibanda cha utumbo, nyama ya kugandishwa si mbadala wa hivihivi. Utumbo uliokaa sana kwenye barafu hata uusugue vipi haurudi.

Najua wasomaji wangu wengi ni Waislamu na chakula hiki si chao. Kituo hakiwasahau. Rafiki yangu wa Mombasa tunakaa naye meza moja, yeye ana nasi padang yake, wali na vitoweo vya Kiindonesia, kutoka kibanda cha halali, mimi na kitimoto changu, na tukimaliza kila mmoja anarudisha sinia kwenye rafu yake, maana rafu za vyombo vya halali zimetengwa. Tumekaa hivyo kwa amani siku zote.

Kinachonisumbua ni nani atafuata. Wachuuzi wengi wa hapa wamefika miaka 60 au wanaikaribia. Serikali ina mpango wa kuwakutanisha wazee wanaostaafu na vijana wanaotaka kurithi mapishi, na naomba ufanikiwe. Nilimuuliza anti kuhusu wanawe. Alifuta gogo kwanza, ndipo akajibu: "Mwanangu ana kiti chake ofisini. Nimwambie aje aoshe utumbo?" Hakuwa na uchungu. Alisema kama mzazi aliyemaliza kazi aliyoikusudia, na mimi ambaye wazazi wangu waliuza ndizi ili nisome sikuwa na neno la kumpinga.

Kwa hiyo ukija Singapore, fika kabla ya saa tano asubuhi, kwa sababu utumbo mwembamba unaisha mapema. Weka pakiti ya tishu mezani kushikilia nafasi, ndiyo desturi, hakuna atakayeigusa. Sema mko wangapi, omba utumbo mpana uongezwe na mchuzi umwagiwe juu, na bei ikiwa imepanda toka mara ya mwisho uliposikia, lipa.