Bibi alisema "ei", mjukuu akasema "en"

Nilipokuwa mwanafunzi wa isimu huko Tromsø, kaskazini mwa Norwe, nilipanga chumba katika nyumba ya familia moja, na jioni moja ya majira yale ambayo jua halichomozi kabisa nilimkuta bibi akimfunulia mjukuu wake mdogo kitabu cha wanyama. Walipofika kwenye picha ya mbuzi, bibi alisema "ei geit", akitumia kibainishi (neno dogo linalotangulia nomino) cha jinsia ya kike, yaani jinsia ya kisarufi, kundi la nomino mfano wa ngeli zetu, si jinsia ya mnyama. Mtoto akasema "en geit", kwa kibainishi cha kiume. Bibi akarudia lake, mtoto naye akarudia lake bila wasiwasi. Kisha akauliza kama mbuzi yule ana njaa, akatamka "geita", kwa tamati ileile ya kike anayoitumia bibi yake.

Bibi alisikitika, akaniambia kwamba watoto wa siku hizi hawasikilizi. Mimi nilisisimka, kwa kuwa mbele yangu palikuwa na badiliko ambalo Kidenmaki na Kiswidi sanifu vilikwisha kulipitia: jinsia tatu za Kinorse cha kale, lugha mama ya lugha hizi (ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike), zikabaki mbili, ya kiume na ya kike zikiwa zimeungana. Kiaisilandi kimezihifadhi zote tatu, ilhali Bergen, mji wa Norwe kwenyewe, uliipoteza ya kike zamani, na wataalamu wengi wanalihusisha jambo hilo na Kijerumani cha wafanyabiashara wa Hansa, umoja wa kale wa miji ya biashara ya Kijerumani.

Nilimweleza bibi kwamba mjukuu wake anasikiliza vizuri sana. Vivumishi vingi havitofautishi kiume na kike, nomino za kiume ni nyingi kuliko za kike, hivyo mtoto hupata ushahidi mchache wa kuitenga "ei". Lakini tamati -a imegandana na nomino yenyewe, naye huipokea pamoja na neno. Mwaka 2015 wanaisimu Yulia Rodina na Marit Westergaard walichapisha utafiti kuhusu Tromsø wenye picha hiyohiyo: watu wazima hutumia "ei", watoto wadogo karibu wameiacha, na -a imesalia.

Bibi akauliza: je, kama -a ipo, si jinsia ya kike bado ipo? Nikamjibu kwa mfano wa kwetu. Kiboko ana ki-, lakini tunasema "kiboko mkubwa amelala", kwa sababu ngeli huamuliwa na upatanisho, yaani jinsi maneno mengine yanavyoifuata nomino, wala si na umbo la nomino peke yake. Kwa mjukuu wake, -a ya "geita" ilikuwa imekwisha kuwa umbo la namna hiyo.