Mtoto karudi kutoka msibani, alafu sisi tunafanyaje?

Mwaka jana darasani kwangu, la tatu, mtoto mmoja alifiwa na mama yake. Alikaa nyumbani wiki mbili, aliporudi tukampa pole mara moja, basi, tukaendelea na hesabu. Nilidhani nikikwepa kumkumbusha ndio namsaidia, yani mpaka kwenye kusoma nilikuwa naruka hadithi yenye neno mama.

Ijumaa moja nasahihisha kazi za nyumbani, pale chini mzazi anapotakiwa kusaini kwake hamna kitu. Nikamwita pembeni. "Madam, hapo ni pa mama." Mama yake alikuwa anasaini kwa peni ya kijani, kurasa zote za nyuma kuna kasahihi kadogo ka kijani, inafika tarehe fulani kanakatika. Tukakaa chini ya mwembe tukafunua daftari taratibu, ndio kwa mara ya kwanza nikamsikia akimtaja, jinsi alivyokuwa anachoma vitumbua, akacheka, akalia sana, muda si mrefu huyo kaenda kucheza rede.

Watoto ndio walivyo jamani, huzuni inawajia inaondoka inarudi, usiseme kashasahau. Na wadogo wengi hawajui kwamba mtu akifa ndio basi, ukimwambia mama kasafiri atamsubiri, ukimwambia kalala ataogopa kulala. Mwambie amefariki, hatarudi, na wewe hujakosea kitu, maana wapo wanaoamini mama kafa kwa sababu walimsumbua.

Ile ajali ya basi la shule kule Karatu, Mei 2017, wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha walifariki wakienda kufanya mtihani na shule nyingine, mpaka leo nawawaza waliobaki, yule aliyekuwa anakaa dawati moja na mwenzake, nani alimuuliza anaendeleaje baada ya mazishi?

Walimu wenzangu, muulizeni mtoto kama anataka darasa liambiwe au hataki. Akiomba kutoka nje mruhusuni bila maswali. Msimchape kwa kushuka kwenye mtihani, nawaomba sana. Na ikiwazidi kuna namba 116, ya watoto, kupiga ni bure.

Siku hizi anasaini bibi yake, peni nyeusi, pembeni kabisa ya ukurasa. Pale pa mama wamepaacha wazi, na mimi sijawahi kuuliza.