Pimamaji

Bwawa la kuogelea limejaa. Ni jioni ya siku ya nane tangu nilipolifungua lile boksi lenye picha ya familia inacheka ndani ya maji. Katika picha ile hakuna aliyeshika jembe.

Fremu haikunisumbua. Mabomba yanaingiana, pini zinachomekwa, na kwa saa mbili ukuta wa mita 1.2 ulikuwa umesimama, mimi nikiuzunguka kama fundi mkuu. Ukurasa wa maelekezo unaohusu kusawazisha ardhi nilikuwa nimeusoma kwa jicho la pembeni. Uwanja ulionekana tambarare. Nilifyeka majani, nikaokota mawe, palipobonyea nikamwaga mchanga na kuukanyagakanyaga, nikatandika turubai. Basi.

Kisha nikafungulia mpira. Maji yalipofika kama sentimita 3 niliingia pekupeku kunyoosha mikunjo ya sakafu, kutoka katikati kwenda pembeni. Hapo ndipo pa kuinyoosha. Yakizidi, uzito wake unaibana na huiwezi tena. Sehemu hiyo niliipenda. Nilikaa mle ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baada ya saa tatu na ushei mwanangu akaja, akasimama, akainamisha kichwa.

"Baba, mbona bwawa limelala upande?"

"Ni maji tu yanachezacheza."

"Maji yametulia, Baba."

Nikachukua rula, nikapima kutoka ukingoni hadi usawa wa maji. Upande mmoja sentimita 97, wa pili 104. Tofauti ya 7. Na pimamaji, kile kifaa cha kupima usawa, ninayo, iko stoo miaka yote, sikuitoa.

Usiku ule nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ambayo ilipaswa kutangulia. Kipenyo mita 4.5, kina cha maji mita 1: karibu lita 16,000, yaani tani 16. Kila mita ya mraba inabeba tani nzima. Likiwa limeinama, upande wa chini ndio unaosukumwa zaidi, nguzo zinaanza kutanuka, na siku ukuta ukiachia hakuna wa kuyazuia maji hayo. Nikafikiria mtoto akiwa amesimama pale pale. Usingizi ulichelewa.

Asubuhi nikayanyonya kwa mpira hadi kwenye miti. Hayakuwa na dawa bado, kwa hiyo miti haikulalamika. Nikabomoa kila kitu.

Mara hii nilipigilia kigingi katikati, nikafunga kamba ya mita 2.5, nikachora duara. Nikalaza ubao mrefu juu ya ardhi, pimamaji juu yake, nikauzungusha ubao kwenye kigingi kama mkono wa saa. Kosa langu likaonekana wazi: mchanga niliomwaga ulikuwa umeshadidimia, na hapo bwawa halijafika hata robo. Ardhi haisawazishwi kwa kujaza palipo chini. Unachonga palipo juu mpaka pakutane na palipo chini. Siku tatu za jembe na koleo. Mgongo wangu una maoni yake kuhusu jambo hili, nayaacha. Kwenye udongo uliochongwa nilikuta kipande cha chupa na mzizi mnene kama kidole gumba, vyote viwili chini kidogo tu ya pale nilipotandika turubai mara ya kwanza.

Kujaza kumechukua saa 18. Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 80, nikajua mapema nitakesha. Pampu na chujio vinaunguruma, waya wake uko mbali na maji na swichi yake inajikata yenyewe umeme ukivuja. Klorini nimetia jua lilipozama, kwa kuwa jua huila. Kesho nitapima: pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.6, klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita, ndipo mtu aingie. Mwanangu hajafurahia hiyo "kesho". Ngazi nimeiondoa na kuifungia stoo, na itakuwa hivyo kila jioni, alalamike atakavyo.

Sasa hivi nimetoka nje na tochi na rula. Pande nne: 20, 20, 21, 20. Nimeirudia ile 21 mara mbili. Kesho nitampa yeye rula aipime.